Nyumba ya Istar Juu ya Lori

Vyumba vyangu hapa Garissa ni viwili tu, nyuma ya soko, lakini vimelaza wanawake wengi kuliko gesti. Mwanamke wa mjini akigombana na bwanake, anayetoka ni yeye. Anafunga nguo kwa gunia, anashika mtoto mkono, anakuja kunigongea. "Mama Sharifo, nimefukuzwa." Umefukuzwa, sawa, na nyumba ilikuwa ya nani? Ya bwana. Basi lala hapo kwenye mkeka, kesho utarudi kumbembeleza.

Istar hajawahi kunigongea hivyo. Istar ni mtoto wa dada yangu. Dada yangu alishafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo Istar ananiita habaryar, yaani mama mdogo, na mama aliyebaki ni mimi. Anaishi huko nje, porini, upande wa Modogashe, na mbuzi na ngamia. Na huko nje mwenye nyumba ni mwanamke. Nyumba yetu ya kuhama, aqal, ni fito zilizopindwa na mikeka juu yake. Fito anakata mwanamke, mikeka anasuka mwanamke, na siku ya kuolewa anaingia nayo. Kuisimamisha ni yeye, kuiangusha ni yeye, kuipakia kwa ngamia ni yeye. Mwanaume hagusi. Akigusa, wenzake watamuuliza ameanza lini kupaka hina. Na wakigombana, anayelala nje na ngamia ni yule mwenye ndevu.

Mikeka ya Istar tulisuka mimi na mamake. Najua kila fundo. Pale mvua ilipoozesha ameweka turubai, sipendi hiyo turubai, lakini nyumba ni yake si yangu.

Bwanake anaitwa Khalif. Ni mwanaume mzuri wa sura, na uzuri wake unaishia hapo shingoni. Ukame ule mbaya ulipopita ng'ombe zao zote zilikuwa zimekwisha, mbuzi zimebaki zile zenye roho ngumu. Khalif akaja Garissa, akawa dalali soko la mifugo. Kazi yenyewe ni kusimama katikati ya mtu mwenye mbuzi na mtu mwenye pesa na kuongea mpaka wote wawili wachoke. Hiyo kazi ilimfaa. Akawa anaenda nyumbani mara moja moja, na sukari, na wimbo mmoja.

"Istar, hama. Mjini kuna maji ya bomba. Kuna stima. Mtoto wako ako kule kwa habaryar, unamwona lini?"

Hapo alikuwa anampiga mahali panauma. Binti yao Ruweyda anakaa kwangu anasoma, ana akili huyo mtoto, na Istar akimwona kila likizo anamshika uso kama mtu anayenunua. Mimi mwenyewe nilimwambia Istar, mjini si kubaya. Ukiumwa hospitali iko hapo. Huko nje alishawahi kupoteza mtoto tumboni akisubiri gari, na gari likaja kesho yake. Hakuna wa kunidanganya ati porini ni peponi. Nimezaliwa huko, nimetembea na nyumba mgongoni mwa ngamia, najua vumbi lake.

Lakini Istar alikuwa anamjibu Khalif jambo moja tu. "Nikija mjini, nitaingia kwa mlango wa nani?"

Na Khalif anacheka. Miaka amecheka hivyo.

Sasa sikiliza alichofanya.

Kuna dereva anaitwa Bare, ana lori, analeta maziwa tunayouza sokoni kutoka Modogashe na anarudi na unga na sukari. Mtu akitaka kutuma maneno huko ambako simu haishiki, anamwambia Bare, na Bare ni mtu mwaminifu, anabeba neno kama anavyobeba mayai. Khalif akaja akasimama kwenye dirisha la lori. Nilikuwa hapo napokea mitungi yangu. Akasema, "Bare, mwambie Istar: wuu guuray. Hivyo tu. Usiongeze, usipunguze."

Nilisikia nikadhani ni maneno ya nyumba. Kwa Kisomali, kuhama ni guur. Kuoa pia ni guur. Neno ni hilo hilo. Ukimwambia mtu kwamba fulani wuu guuray, umemwambia amehama ama umemwambia ameoa, na sikio la msikilizaji ndilo linachagua. Mimi niliyesimama hapo nilikuwa najua Khalif anatafuta chumba cha kupanga, sikio langu likachagua chumba. Yule aliye porini, bwanake yuko mjini miezi, sikio lake litachagua nini?

Bare alifika, akamkuta Istar anakamua. Akamwambia kama alivyoambiwa. Istar akasimama na maziwa mkononi.

"Rudia."

"Khalif anasema, wuu guuray."

"Na nani?"

"Abaayo, dada yangu, hakusema na nani. Aliniambia nisiongeze."

Mtu mwenye akili akiulizwa hivyo angejua kuna shaka. Lakini Bare ni dereva, barabara ikipinda anapinda, ikinyooka ananyooka. Akapakia mitungi akaondoka.

Haya ya Istar nilisimuliwa na jirani yake Kaaha, maana wanachunga pamoja. Anasema asubuhi aliamka akaona turubai iko chini. Halafu mikeka. Nyumba inashuka, na si wakati wa kuhama, malisho bado yako. Kwetu nyumba ikishuka peke yake katikati ya wengine, watu wanaangaliana. Ni msiba ama ni talaka.

"Naa Istar! Unaenda wapi?"

"Garissa."

"Na nyumba?"

"Na nyumba."

"Wewe mwanamke umelogwa? Nani anabeba aqal Garissa?"

Istar anafungua kamba, hamwangalii. "Ameweka mwanamke ndani ya mabati. Mimi ndiye wa kwanza. Nitasimamisha nyumba yangu mbele ya mlango wake, kila anayepita aone nani alikuja na nyumba na nani alipewa funguo."

Akamwachia Kaaha mbuzi na ngamia wa maziwa. Ngamia wa mzigo akatembea naye mpaka barabarani Modogashe, pale akamkabidhi shemeji yake Alio, ndugu ya Khalif, amrudishe. Akapanda lori la Bare, nyumba nzima juu ya mitungi. Bare anasema kila kizuizi cha polisi walipouliza ni kuni za kuuza, yeye Bare ndiye alijibu, maana aliogopa yule mama akijibu wote watalala ndani.

Mimi niko sokoni, naona lori linaingia na watu wanaonyesha kidole. Vijana wa bodaboda wanapiga honi, "Mama, umehama na Modogashe yote!" Juu ya fito, na mikeka niliyoisuka mwenyewe, amekaa mtoto wa dada yangu na uso kama jiwe.

Akashuka. Hakunisalimu.

"Anaitwa nani?"

"Nani anaitwa nani?"

"Mke wa Khalif."

"Anaitwa Istar," nikamwambia. "Umekula jua la kichwa?"

"Habaryar, usinifiche. Bare ameniletea neno."

Nikamwangalia Bare. Bare akaangalia tairi. Na hapo nikaanza kuelewa, lakini nusu tu. Nikafikiri, mwenyezi Mungu, pengine yule mbwa ameoa kweli na mimi ndiye sijui. Khalif alikuwa amehama siku chache nyuma, hakunionyesha alipohamia. Kwa nini hakunionyesha?

Mitungi yangu nikamwachia jirani. Tukachukua mkokoteni wa punda, tukapakia nyumba, tukaenda. Istar alikuwa anatembea mbele ya punda. Nilimwona anapapasa kiunoni, pale wanawake wa nje wanapofunga kisu cha kukatia kamba.

"Istar. Hicho kisu nipe."

"Ni cha kamba."

"Basi nipe mpaka tufike kwenye kamba."

Hakunipa.

Tukauliza, tukaelekezwa, plot ya mabati mapya, vyumba vimepangana, bomba moja katikati ya uwanja. Na hapo kwenye bomba, mwanamke kijana, mzuri, amefunga leso kifuani, anafua kikoi cha mwanaume. Nyuma yake mlango uko wazi. Na pale mlangoni viatu vya Khalif, vile vya ngozi, sote wawili tulivijua.

Istar akamfikia.

"Hii ni nyumba ya Khalif?"

Yule msichana jina lake ni Anab, nilikuja kujua baadaye. Ni mtoto wa mjini, hawa Kisomali wanakisikia lakini mdomo unajibu Kiswahili. Akainua kichwa, akaona mwanamke mwenye vumbi mpaka kope, mkono kiunoni, na mkokoteni wa fito nyuma.

"Ndiyo, mama. Amehama juzi juzi."

Istar Kiswahili hana, ana cha kuuza mbuzi tu. Akanigeukia. "Amesema nini? Amesema ni lini? Habaryar, amesema nini?"

Amehama. Kiswahili kina neno la kuhama na kina neno la kuoa, hayajawahi kukutana. Nikamuuliza yule msichana, "Na wewe ni nani wake?"

"Mimi? Mimi jirani! Naishi hapo, na bwanangu. Hiki ni kikoi cha bwanangu. Kwani nini?"

"Amehama," nikamwambia Istar. "Amehamia hapa. Hajaoa mtu."

Mkono ukatoka kiunoni. Akakaa chini palepale kwenye matope ya bomba, akafunika uso na shela, mabega yanatetemeka, sikujua analia ama anacheka. Nafikiri hata yeye hakujua. Anab akamletea maji. Mimi nilitaka kucheka pia. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Halafu Khalif akaingia.

Aliingia kutoka sokoni, fimbo mkononi, akaona mkokoteni, akaona mikeka, akaona mke wake chini. Mwanaume yeyote angeuliza, kuna nini? Nani amekufa? Kwa nini umebeba nyumba? Khalif hakuuliza. Khalif alitabasamu.

"Karibu," akasema. "Nilijua utakuja."

Mimi nimeuza maziwa miaka mingi, najua mtu aliyetia maji kabla hajafungua mtungi.

"Ulijua nini?" nikamuuliza.

"Habaryar, tuingie ndani, kuna chai."

"Sikuuliza chai. Ulijua nini?"

Akaona watu wanatoka milangoni. Angenyamaza pengine ingeisha. Lakini dalali hawezi kunyamaza. "Miaka namwita, haji. Nikisema nimepanga nyumba, angekuja? Si angekaa na fito zake? Nimetuma neno moja. Neno la kweli. Nimehama, nikasema nimehama. Kuna uongo hapo? Bare aje aulizwe."

Istar alikuwa ametoa shela usoni. Anasikiliza.

"Na sasa umekuja," Khalif akamwambia, sauti laini ile ya kuuza. "Nyumba imeshashuka, mwenyewe umeishusha. Ile ngamia ya mzigo haina kazi tena, nimeshaongea na Alio, ataileta soko inayofuata, kuna mtu ananunua. Mbuzi Kaaha atashika tugawane maziwa. Ruweyda atatoka kwa habaryar atakaa na mamake. Na hizi fito," akaugonga mzigo na fimbo, "kuni mjini ni ghali. Tutapikia mpaka Ramadhani."

Wallahi nikaona ametunasa. Si kwa fito tu. Ni hiyo ngamia. Bila ngamia wa mzigo hakuna kuhama, na bila kuhama huko nje hakuna kuishi, mvua inaenda na wewe umebaki. Alikuwa amemfungia njia ya kurudi kabla hajafika. Na Alio huyo, Istar mwenyewe ndiye alimpa kamba mkononi.

Na kama uchungu hautoshi, Ruweyda akatokea mbio, na sare ya shule. Watoto walikuwa wamemwambia mamako amekuja na nyumba.

"Hooyo! Umehama? Umehama kabisa?"

Akamrukia. Istar akamshika uso na mikono miwili kama kawaida yake, akamwangalia sana. Khalif akanikonyeza mimi. Alijua ameshinda. Wanaume wa mlangoni nao wakaanza, "Mama, karibu mji, bomba hili hapa, mambo ya kuchota kisimani yameisha," na mwanamke mmoja, "Dada, hata mimi nililia mwezi wa kwanza."

Istar akamwachia mtoto.

"Khalif," akasema. "Kwetu mume akimkosea mke hivi anatoa haal. Kweli au uongo?"

Haal ni kile mume anatoa kuosha moyo wa mke aliyemkosea, nguo, mnyama, kitu cha kuonekana. Khalif akafurahi, hiyo ni biashara anaielewa. "Kweli. Sema. Nitakununulia dirac, ile nguo ya kung'aa. Kitanda pia."

"Sitaki nguo. Nyumba yangu uliishusha wewe, kwa mdomo. Utaipakia kwa mikono. Lori la Bare linarudi Modogashe leo. Utaibeba kutoka hapa mpaka kwenye lori, na hutapita nyuma, utapita soko la mifugo."

Hata Anab aliacha kufua.

"Umerukwa."

"Na utampigia Alio hapa mbele yangu, umwambie ngamia haiuzwi."

"Mwanaume habebi aqal! Istar, watu watasema nini?"

"Watasema walichosema juu yangu nikiwa juu ya lori."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakaa," Istar akasema. "Nitakaa mjini kama unavyotaka. Lakini kwa habaryar, si kwako, na kesho tutaenda kwa kadhi, nitamwambia nilipokea neno la bwanangu, wuu guuray, shahidi ni Bare, na mimi sikubali mke wa pili, nataka talaka. Umwambie wewe kadhi kwamba lilikuwa mchezo."

Ruweyda akaanza kulia. "Hooyo, kaa. Hooyo, si ukae tu!" Istar hakumwangalia, na mimi najua kwa nini, angemwangalia angekaa.

Khalif alisimama. Nilimwona anahesabu kichwani kama anavyohesabu soko, huku kadhi, huku wenzake. Bare alikuwa ameshaanza kupiga honi huko mbali, anaita abiria. Honi ya kwanza Khalif hakusogea. Akawatazama wale wanaume wa mlangoni, akamtazama Anab, hakuna aliyemsaidia.

Kisha akatoa simu. Alio alipokea, Modogashe barabarani simu inashika. Khalif akasema haraka, kichwa kimeinama, "Ile ngamia acha. Nimesema acha. Rudisha kwa Kaaha." Akaweka simu mfukoni, akashika fimbo yake akaiegemeza kwenye mabati, akakunja kikoi, akainama, akatia bega chini ya fito.

Punda alikuwepo, mkokoteni ulikuwepo. Hakuna aliyeutaja.

Akapita soko la mifugo. Fito zinamkwaruza sikio, mikeka inamwaga masizi shingoni, mashati meupe haya ya madalali, unajua. Wenzake waliacha mbuzi wakasimama.

"Warya Khalif! Hiyo bei gani?"

"Khalif ameolewa! Nani amekuoa, Khalif?"

"Mpishe bi harusi!"

Alirudi mara ya pili kwa mikeka, na ya tatu kwa turubai. Istar alikuwa juu ya lori anapokea, anapanga, anamwambia, "Si hivyo. Hiyo inakuja chini. Pindua." Na anapindua. Alipomaliza alikuwa mweusi wa moshi kama sufuria, na machozi yalikuwa karibu, sikumhurumia hata kidogo.

"Na mimi?" akamuuliza, chini pale kwenye tairi. "Istar, na mimi nije lini?"

"Ukija, kohoa mlangoni. Nikiwa na nafasi nitakufungulia."

Bare akaondoa lori. Ruweyda hakuja kumuaga mamake. Alikwenda kwangu akajifungia, na kwa siku kadhaa nilikuwa namwekea chakula mlangoni kama mgonjwa. Akaniambia mimi nyanyake, "Ayeeyo, nyinyi wote wawili mnapenda fito kuliko mtu." Ana haki ya kukasirika, na mamake ana haki ya kurudi, na mimi sina dawa ya hiyo.

Watu wananiambia nimsamehe Khalif. Imamu mwenyewe ameniambia. Ati alibeba, ati alijishusha, mwanaume gani mwingine angebeba. Nawaambia, alibeba alichokiangusha, nimpe zawadi?

Juzi mvua imenyesha huko juu. Watu wa Kaaha wamehama, na Istar pamoja nao, wamefuata majani. Khalif akaja kwenye meza yangu ya maziwa, amevaa vizuri, amebeba sukari na kitambaa, anaenda nyumbani.

"Habaryar, wameenda upande gani?"

Mimi najua wako wapi. Bare ameniambia, na bonde lenyewe nimeshawahi kulala hapo, kuna mti mmoja wa kivuli na kisima cha chumvi. Nilikuwa nampimia mama mmoja maziwa. Nikamaliza kumpimia, nikafunga mtungi, nikafuta mikono.

"Sijui," nikamwambia. "Tafuta."